Saa ya Mzee Nyange

Saa ile haikutiwa ufunguo tangu mwenyewe afe, na bado ilikuwa ikienda. Mwatima aliligundua hilo jua la utosi, akifagia chumba. Saa nyengine zote kisandukuni zimekwisha ufunguo, kimya, hiyo moja inatafuna.

Mumewe, Mbarouk, karani wa karafuu pale Wete, alikuwa mtumwa wa saa za mkono. Wenzake walinunua mikarafuu, yeye alinunua saa. Magharibi mwadhini akianza, watu husogeza akrabu, mishale ya saa, kwenye kumi na mbili wakaenda zao kutawadha. Mbarouk alizitoa zake zote, akazirekebisha moja moja, akazipangusa kwa hariri, akazitega sikioni kafumba macho, hadi sala ikampita. Mkewe aliwahi kuugua homa asiulizwe hali, lakini saa ikichelewa kidogo, mwanamume mzima hali chakula. Mwatima alishazoea kumdharau, kama mtu anavyozoea paa linalovuja.

Hii ya Mzee Nyange aliipata kwa njia ya aibu. Kwa desturi, alichofia nacho maiti mwilini humwendea mwosha. Mbarouk alikwenda mazikoni Gando, na badala ya kushika jeneza akamvizia mwosha, Abrahman, nyuma ya nyumba, akambembeleza mpaka akapewa, mkanda bado umelowa maji ya kafuri. Wala hakujali lililonong'onwa mazikoni pale pale, kwamba Nyange alifuga jini, na kwamba katika wake zake wote hakuna aliyelea mtoto akafika kutembea.

Mbarouk alikuwa na mtoto mmoja tu, Mize, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama.

"Baba Mize," Mwatima alisema kwa sauti ya chini, "saa hii yaenda yenyewe. Tena yanuka kafuri."

"Weye hujui vitu," Mbarouk akajibu, akiipumulia kioo.

Mize akaacha kusimama, kisha akaacha kula. Mchana mmoja Mwatima alimlaza, akamwekea mkono kifuani, na hapo ndipo alipohisi moyo wa mwanawe unakwenda sawasawa na ile saa kisandukuni, saa ikiharakisha nao unaharakisha, saa ikisita mtoto anakata pumzi, na harufu ya kafuri ikajaa chumba mpaka macho yakamwasha, na upande wa kitanda ulio ukutani, pasipo na mtu, kamba zikalia taratibu, kama anayekaa kitako mtu mzito asiyetaka kumwamsha mtoto.

Mganga, Bi Mwanapili, hakuhitaji kuambiwa mengi. "Huyo jini ataka mwana," alinong'ona. "Saa itiwe kwenye kitunga na ubani na halua, ikatoswe baharini. Aitie mumeo mwenyewe kwa mkono wake."

Mbarouk aliifunga kwenye leso huku akilia. Mwanawe alipokonda hakutoa hata chozi. Kitunga kikatoswa mbele ya watu, kikazama.

Mize hakupata nafuu. Mwatima akamfuma mumewe chooni, mkono wa kanzu kaupandisha, saa ya Nyange i mkononi.

"Umetosa nini, Baba Mize?"

"Ile mbovu." Hata haya hakuona. "Hii haina mwenzake, Mwatima. Mtoto Mungu atatupa mwengine."

Mwatima alimtazama kama kitu alichokitapika paka. Akadai talaka. Mbarouk akaitoa bila kuinua macho, kwa kuwa alikuwa akitia ufunguo saa nyengine.

"Keshadanganywa, hatosiki tena," Bi Mwanapili alimwambia. "Sasa atamfuata aipendaye saa yake tu. Mwondoe mwana."

Mwatima akamchukua Mize kwao Micheweni, na mtoto akaanza kula. Jini lilipokosa kitoto, likala lililobaki. Mbarouk alikutwa kafa kitini, mkono umekauka mfupa mtupu, saa imembana pale pale, inakwenda. Abrahman aliitwa kuosha. Saa akaikataa, akasema safari hii haitaki hata kwa ruhusa ya kadhi. Kwa hiyo saa zote zikawa mirathi ya Mize. Usiku zilipoletwa, Mize hakula.

Akaja Silima wa Tibirinzi, mwendawazimu wa saa mwenziwe marehemu. "Nimekuja kuhani msiba," alisema, macho yakiwa kwenye shubaka la ukutani lenye kisanduku cha saa. "Ile ya Mzee Nyange ipo?"

"Wajua habari zake?"

"Nani asiyezijua?"

"Basi niambie kweli, bwana. Weye una mwana?"

"Sina," Silima akajibu upesi.

Mwatima akampa. Silima akaivaa, akaitega sikioni, akafumba macho vile vile. Hakuaga.

Ndipo barazani ikasikika sauti ya kitoto: "Baba, nimechoka. Nipakate."

Mwatima alikimbilia mlangoni akamwita. Silima aliongeza mwendo, kambeba mwanawe kwa mkono wenye saa, sikio la mtoto limelala juu yake.