Koki Iliyomngoja Fundi

Saa kumi na mbili asubuhi, mkono wa kulia wa Mama Spana ulikuwa umevimba. Vidole vilikataa kukunjika. Mumewe alimshikia kikombe cha chai.

"Fundi bomba wa watu," mume alisema, "na bomba letu la jikoni linavuja."

"Kinyozi hajinyoi, baba."

"Basi pumzika leo."

"Nikishafaulu."

Mama Spana alitaka kazi katika nchi ya mbali, kwenye vijiji vyenye shida ya maji. Kwanza ilibidi afunzwe kufanya kazi pamoja na wenyeji. Jaribio la mwisho lilikuwa hapa hapa mjini, kwenye koki ya watu wote nyuma ya kiwanda. Asiyefaulu hasafiri. Naye alikuwa ameshaacha kazi yake ya zamani.

Jana alikuwa amefanya kazi kwenye koki hiyo peke yake kutwa nzima. Alichimba, akaunga bomba lililopasuka, akabadilisha mpira mdogo wa ndani ya koki, ule unaozuia maji. Maji yalipotoka, watu walipiga makofi. Alirudi nyumbani hoi.

Darasani alimkuta mkufunzi. Huyu alikuwa mwanamke mkavu wa maneno, aliyefanya kazi ng'ambo miaka mingi.

"Nimepita pale sasa hivi," mkufunzi alisema. "Koki inavuja."

"Haiwezekani! Nimeikaza kwa mkono huu."

"Maji ya alfajiri yalikuja kwa nguvu, mpira ukachanika. Hilo hutokea. Lakini watu wamekaa tu. Nimewauliza wanangoja nini. Wamesema, 'Tunamngoja fundi wetu.'"

Mama Spana aliinuka achukue sanduku la vifaa.

"Keti, dada. Mkataba wako ukiisha, watamngoja nani?"

Mama Spana aliketi.

"Jana uliwauliza nini?"

"Nini kimeharibika. Fundi huanza hapo."

"Ndipo ulipokosea. Anayetengeneza vitu huanza na kilichoharibika. Anayefanya kazi na watu huanza na kilicho kizima. Waulize wanajua nini na wana nini. Waache waamue, nawe usaidie. Rudi leo. Sanduku liache hapa."

"Na mkono wenyewe ndio huu!"

"Leo mkono huo ni baraka."

Mama Spana alikwenda akiburuta miguu. Muuza chai, mwenye meza karibu na koki, alimwona akija mikono mitupu.

"Haya! Fundi naye kaishiwa maji!" Watu wakacheka.

"Nimekuja kuuliza, mama," alisema. "Kabla yangu, koki ikivuja mlifanyaje?"

"Tuliifunga kitambaa. Ikizidi, mlinzi wa kiwanda alitufungia maji. Anajua yanakofungiwa."

"Na mpira kama ule uliochanika, nani anaweza kuukata?"

Macho yote yakamgeukia mzee mmoja, fundi viatu aliyeketi kando ya koki.

"Msinitazame mimi," alisema. "Mimi nakata soli."

"Kwani soli si mpira?" muuza chai aliuliza. "Au siku zote unatushonea karatasi?"

Mzee alicheka, akatoa kisu. Mlinzi akafunga maji, akaleta spana, wakautoa mpira uliochanika. Mpira wa kwanza ulikuwa mkubwa. Maji yalipofunguliwa, yalimrukia fundi viatu usoni. Mama Spana alinyoosha mkono aichukue koki. Mkono ukamuuma. Akaurudisha.

"Umezidi kidogo tu, mzee," alisema. "Pima kwa huu wa zamani."

Mpira wa pili ulikaa sawasawa. Koki ikanyamaza. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wakibishana nani ataikagua asubuhi. Muuza chai alishinda, kwa kuwa yeye ndiye hufika wa kwanza. Fundi viatu alikubali kuweka mipira ya akiba.

Wiki iliyofuata mkufunzi alimwita Mama Spana ofisini.

"Juzi koki iliharibika tena."

Mama Spana alifumba macho. "Nani kaitengeneza?"

"Wenyewe, kabla ya saa ya kuchota maji. Nilimuuliza muuza chai kwa nini hawakukuita. Kasema, 'Tumwite wa nini?'"

"Kwa hiyo?"

"Umefaulu. Utasafiri."

Mkufunzi aligeuka kuangalia kalenda ukutani. Alipomrudia kumtajia siku ya safari, Mama Spana alikuwa amesinzia kitini.