Picha ya Kifua ya Shangazi Mwanakheri

"Kunywa," Bi Mashavu alimwambia mkwe wake. "Kunywa yaishe."

Mwanakheri alishika kikombe kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na mizizi iliyochemshwa, ya kutoa mimba...

Mimba yake mwenyewe. Aliyoisubiri miaka minane!

Jamani wasomaji, huyu ni shangazi yangu. Haya yalimpata Unguja mwaka 1968, na hata kuyaandika naona uzito.

Wiki moja kabla, kikohozi kilimkaba, daktari akataka apigwe picha ya kifua. Akaenda hospitali mjini na mke mwenzake, Sichana.

Mlangoni mwa chumba cha picha, Bwana Borafya, mpiga picha, akauliza benchi zima likisikia:

"Una mimba?"

Alikuwa nayo, ya miezi miwili. Lakini kwetu mimba changa haitangazwi, watu wana kijicho. Na Sichana yuko ubavuni, katega masikio...

"Sina," akajibu.

Akaingia, akabandika kifua kwenye bati baridi, akazuia pumzi. Mara katoka.

Ila lile swali likamkaa kichwani. Kwani mimba na picha vinahusiana nini? Siku ya tatu akashindwa, akamweleza mumewe, Usi, yote matatu: ana mimba, kaikana hospitali, na kapigwa picha.

Usi huyo, mbio kwa mama yake, akarudi naye.

"Mwanga ule unaunguza," Bi Mashavu akasema. "Atazaa kilema."

"Mama, si tukamuulize daktari?" Mwanakheri akasema.

"Ushawadanganya, unarudi kuuliza nini? Utatuaibisha."

Mwanakheri akamtazama mumewe. Mtu aliyekuwa akimwita roho yangu, leo anatazama mkeka.

"Msikilize mama," Usi akasema.

Akanywa.

Damu ilimtoka siku mbili. Alipopata nguvu za kutembea, akarudi hospitali kwa ajili ya kikohozi. Safari hii alikwenda peke yake.

"Bwana Borafya, siku ile uliniuliza kama nna mimba. Kwa nini?"

"Ningekufunika tumbo kwa aproni nzito ya kuzuia ule mwanga, basi."

"Na picha ungenipiga?"

"Ningekupiga. Picha moja ya kifua haimdhuru mtoto, Bi Mwanakheri."



"Ingia basi nikupige," Borafya akaendelea, hana habari. "Ile ya kwanza haikutoka. Mashine haikuwaka kabisa siku ile, filamu nimeikuta tupu."

Shangazi alikaa chini palepale sakafuni. Watu wakadhani ni kikohozi.

Hakushika mimba tena. Mwaka uliofuata Usi alimpa talaka, na sababu aliyowaambia watu ni kwamba hazai.

Dada zangu, mkiulizwa hospitali semeni ukweli, hata kwa kumnong'oneza muuguzi. Na hofu ikiwashika, rudini kwa aliyewapiga picha mkamuulize yeye. Shangazi yangu alikuwa na wiki nzima ya kuuliza swali moja, akaona haya.