Benchi Fupi la Nzai

Siku ya soko, mwaka wa 1911, duka la Vallabhdas pale Malindi lilijaa watu hata nzi akakosa pa kutua. Jora la mwisho la kitambaa cha marekani lilikuwa juu ya meza, na limeshikwa na watu wawili wasiojuana. Upande huu kijana mrefu, kikoi safi, vumbi la mbao kwenye nywele. Upande ule binti wa Kigiriama, shanga nyekundu shingoni na hando jeupe kiunoni, lile la marinda mengi linalocheza kila mwenyewe akipiga hatua.

"Mimi ndiye niliyetangulia," alisema kijana kwa adabu.

"Ulitangulia kuzaliwa," akajibu binti. "Kitambaa nimekishika mimi."

Vallabhdas hakupenda kelele asubuhi. Akakata jora nusu kwa nusu, kila mtu akapewa chake. Kijana hakukubali kuondoka kimya. Akauliza kama hando lile ni la kumvika mtu au la kuezekea nyumba. Binti akamtazama toka utosini hadi unyayoni, akasema mtu mwembamba kama ufito hana haja ya kanzu, leso moja ingemtosha. Duka zima likacheka, na kijana naye akacheka. Hapo ndipo alipopatikana. Alitoka na kitambaa mkononi, moyo akauacha mezani kwa Mhindi.

Jina lake Nzai. Alizaliwa katika ugema, na minazi aliijua kama mtu ajuavyo ngazi ya kwao. Lakini alikuwa ameteremka kutoka minazini akajiunga na kanisa dogo la Mkondoni, karibu na mto Sabaki, alikofundisha Mwalimu Menza. Kitambaa kile kilikuwa cha kanzu ya ubatizo. Na kanisa la Mkondoni halikuwa na mzaha na tembo la mnazi: Mkristo hagemi, hanywi, wala habebi. Basi Nzai akajifunza useremala, na mabenchi yote ya kanisa aliyatengeneza yeye, hata lile la nyuma, kando ya mlango. Hilo lilikuwa la aliyekosa. Angekaa hapo peke yake miezi sita, asiikaribie meza ya Bwana, wala asifungishwe ndoa. Nzai alilifanya fupi, maana alidhani wenye makosa ni wachache.

Binti alikuwa Kadii, mtoto wa Mzee Kambi wa ng'ambo ya Sabaki. Kila siku ya soko walikutana penye duka la Vallabhdas, wakataniana mpaka mwenye duka akawauliza kama watanunua kitu au la. Punde Kadii akaanza kuja kanisani, akaketi upande wa wanawake kujifunza. Watu walinong'ona kuwa amemfuata Nzai. Walisema kweli, lakini si huambiwa fuata nyuki ule asali? Alichosikia kule kilimwingia, akawa anakisikiliza kuliko waliozaliwa nacho.

Shida ilikuja kwenye posa. Mzee Kambi hakutaka kusikia neno lolote la kuoa bila kibuyu cha tembo, na kwa desturi anayekileta hukionja kwanza mbele ya wazee, waone hakutia sumu. Nzai alipeleka majani ya chai na sukari. Vikarudishwa. Akapeleka asali. Ikaliwa, lakini posa haikuzungumzwa. Mwishowe Kadii mwenyewe akajaza kibuyu kwa mgema wa babake, akampa Nzai, akamwambia, "Funda moja tu, mpenzi. Kwa ajili yangu."

Nzai akapiga funda moja. Na kweli angeishia hapo, lakini ulimi wa mgema haustaafu. Tembo lilikuwa limetiwa maji, naye akasema. Wazee wakashangaa, wakamsifu, wakaleta kibuyu kingine alinganishe. Kikaja cha tatu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu alisifiwa akalinywa. Jua lilipoanza kuinama, Nzai alikuwa ameketi zizini akiwaimbia mbuzi wa Mzee Kambi nyimbo za kanisani, na mbuzi, kwa haki yao, walitulia.

Tembo lilipomtoka alikwenda mwenyewe kwa Mwalimu Menza akaeleza yote, isipokuwa jina la aliyejaza kibuyu. Jumapili hiyo akaketi kwenye benchi lake fupi, miezi miwili tu baada ya ubatizo, amevaa kanzu ile ile.

Aibu ikamshika. Hakwenda tena sokoni, maana hakutaka Kadii aonekane na mtu aliyetengwa. Naye Kadii, ambaye wiki hizo kwa haya alishindwa hata kulitazama kanisa, alimngoja dukani soko la kwanza, na la pili, amejipaka mafuta na kusuka nywele. Akaamua kwamba Nzai anamlaumu kwa kile kibuyu na amemtupa. Kwa hasira akampelekea nusu yake mwenyewe ya kitambaa, ambayo alikuwa bado hajaishona hando. Nzai alipoipokea akajua ameachwa. Wajinga wawili hao, kila mmoja akilia kivyake kwa ajili ya mwenzake.

Ikafika wiki ya tano ya Nzai kwenye benchi. Mzee Kambi akachoka kusikia binti yake akipenga kamasi, akasema Jumapili watavuka mto wakamuulize huyo mwimbia mbuzi kama anaoa au haoi.

Kanisani Kadii alikwenda upande wa wanawake. Mzee Kambi, asiyejua mambo ya humo, aliona nafasi kando ya mlango, akaketi karibu na Nzai na kumsalimu. Watu wakakohoa. Nzai akampa shikamoo kwa sauti ya chini, macho sakafuni.

Ibada ikafika kwenye ile sala ya kukiri. Wote wakapiga magoti na kusema kwa sauti moja, kama kila Jumapili, kwamba wamekosa, wamepotea, hawana lililo jema ndani yao. Wakainuka, wakaketi, wakapangusa magoti. Kadii peke yake akabaki amesimama.

"Mwalimu, nisamehe, mimi ni mwanafunzi tu," alisema. "Nyote sasa hivi mmesema mmekosa. Mbona benchi ni la mtu mmoja?"

Kadii akavuka kutoka upande wa wanawake, hando likicheza, mpaka kwenye benchi la nyuma.

"Sogea," akamwambia Nzai.

"Kadii, hapa ni pa wenye makosa."

"Na kibuyu kile alikijaza nani?"

Nzai akasogea. Kisha mama mmoja mzee akainuka taratibu, akaja akaketi chini mbele yao, hakusema kosa lake. Akaja mwingine. Wakaja wanaume. Mwishowe mabenchi ya mbele yakawa matupu, na Mwalimu Menza akabaki anayatazama, kitabu mkononi. Wote wakangoja ghadhabu yake.

Mwalimu Menza akafunga kitabu, akatembea mpaka mlangoni, akaketi sakafuni na suti yake ya Jumapili.

"Mimi nilibatizwa tembo likinuka mdomoni," alisema. "Mungu hakuziba pua. Mimi ndiye niliyejifunza kuziba." Akapangusa macho. "Nzai, miezi yako sita imekwisha leo. Na benchi hili ulilikosea kipimo. Nataka refu, la kuanzia ukuta hadi ukuta."

Mzee Kambi akasema kwamba kama Mulungu wao huketi na watu mlangoni hivi, basi yeye hana ugomvi naye. Kibuyu kijacho cha posa kiwe cha madafu, na ataonja yeye mwenyewe.

Watu wakacheka huku wakilia. Katika kelele hizo Kadii akamwinamia Nzai na kumwambia kwamba babake ameposwa kwa chai, kwa asali na kwa tembo, lakini yeye mwenyewe hajaulizwa hata siku moja.

"Kadii," alisema Nzai, "mimi nitakosa tena. Utanikubali?"

"Nirudishie kwanza kitambaa changu," akasema Kadii. "Nitaolewaje nimevaa hando kuukuu?"