Sponji Kwenye Spika

Kila siku baada ya shule, Chiriku alifanyia kazi zake za nyumbani katika chumba cha redio cha kituo cha magari ya wagonjwa, pembeni ya meza ya mama yake. Jina hilo alipachikwa na mjomba wake, dereva wa gari la wagonjwa. Ulikuwa utani tu, maana mtoto mwenyewe hakuwa msemaji hata kidogo.

Mama aliongoza magari kwa redio. Dereva alipobonyeza kitufe ili aongee, kwanza ulitoka mlio mkali katika spika za magari yote, kriii! Mlio huo ndio uliopeleka namba ya gari lake kwenye kioo cha kompyuta ya mama.

Siku hiyo Chiriku alikuwa akichonga penseli, mara mama akainuka kitini.

"Gari la tatu, nijibu! Gari la tatu!"

Kimya. Gari la tatu lilikuwa la mjomba. Kulikuwa na mtoto aliyebanwa na pumzi, na mjomba ndiye aliyekuwa karibu. Mama alilazimika kutuma gari lingine kutoka mbali. Mtoto alipona, lakini alichelewa kufikishwa hospitali.

Mjomba aliporudi, mkuu wa kituo alimngoja mlangoni.

"Ulikuwa wapi?"

"Garini, mkuu. Sikusikia."

"Hukusikia, au ulilala?" mama akadakia.

Mkuu akanyoosha mkono. "Lete funguo."

Chiriku alichanganyikiwa. Jumamosi iliyopita, alipomsaidia mjomba kuosha gari, aliona kipande cha sponji kimebandikwa kwenye spika ya redio. Alipouliza, mjomba alicheka: "Hilo blanketi lake, mpwa wangu, isije ikapata mafua." Lakini kwa nini mtu azibe redio yake mwenyewe? Akisema, atamwokoa mjomba au atamharibia zaidi? Na akinyamaza je? Penseli ilimvunjikia mkononi.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "kuna sponji kwenye spika."

Walimwita fundi wa redio, mwanamke mmoja mcheshi. Alibandua sponji, akakaa kwenye kiti cha mbele cha gari la mjomba. Mara gari jingine likaita. Kriii! Fundi aliruka nusura agonge kichwa.

"Ala! Hiki ndicho mnachosikiliza mchana kutwa? Namba inahitajiwa na kioo cha mezani, jamani, siyo na masikio ya wagonjwa!"

Akaunganisha redio na kompyuta yake. Alipanga namba itumwe mwishoni, dereva anapoachia kitufe, na spika za magari zinyamaze namba inapopita. Magari yote yakafanyiwa hivyo. Walipojaribu, sauti ya dereva ilisikika safi, na namba ikatokea kwenye kioo cha mama kama kawaida. Kriii haikusikika tena.

Mama aliduwaa. "Kumbe ni jambo dogo hivi! Sasa wewe mdogo wangu, kwa nini hukuniambia?"

"Funguo hazitoki mfukoni mwangu bila jibu," mkuu alisema.

Mjomba alimtazama Chiriku, kisha akamgeukia mama.

"Dada, mlio ule ulikuwa unawatisha wagonjwa. Juzi bibi mmoja alishtuka mpaka akalia. Lakini wewe ndiye uliyeuomba, upate kujua nani anaita, na ulivyoufurahia, niliona haya kukwambia ni kero. Nikaona heri nizibe spika kuliko kukuudhi, na mtoto wa watu nusura afe kwa sababu ya haya yangu. Mtoto huyu amesema leo nilichopaswa kusema mimi tangu siku ya kwanza. Nisamehe, dada. Kuanzia leo, kitu kikinikera, nitakwambia."