Gari Linalokula Betri

Shemeji alinipigia simu saa kumi na moja na nusu jioni, nikiwa nanawa mikono ili nifunge karakana.

"Shemeji, gari la marehemu limeua betri nyingine. Hii ya tatu."

"Nitapita kesho."

Kisha akashusha sauti, kama mtu anayeogopa kusikiwa chumba cha pili.

"Pita leo. Siyo gari tu. Ni mama."

Kaka yangu alifariki miezi saba iliyopita, kitandani, kwa ugonjwa wa figo. Tangu siku hiyo gari lake la zamani lilikuwa limekaa chini ya banda la mabati nyuma ya nyumba. Shemeji alibaki pale na mama yetu. Mimi ni fundi umeme wa magari, mwaka wa kumi na tisa sasa, na gari linalokula betri likiwa limeegeshwa halinishtui. Kuna kitu kinavuta umeme kimyakimya: redio, taa ya buti, oltaneta iliyochoka. Unakitafuta, unakipata, unarudi nyumbani kula na watoto.

Nilikwenda nikijua hivyo.

Shemeji alinipokea na tochi. Betri ilikuwa ya wiki moja tu, imebaki volti nne. Nikaitoa, nikafunga niliyokuja nayo, nikaweka mita kati ya betri na waya wake. Milango imefungwa. Funguo mfukoni mwangu. Gari lililolala linavuta umeme kidogo sana, hata ampea moja halifiki.

Mita ilisoma saba.

Nikaanza kuchomoa fyuzi moja moja, nikimpa shemeji azishike. Ya redio. Saba. Ya taa za ndani. Saba. Ya honi. Saba. Nilipotoa ya mwisho, kisanduku kikabaki kitupu kama ufizi wa kizee. Nikatenga oltaneta. Nikatenga stata.

Saba.

"Inawezekanaje?" shemeji akauliza.

"Kuna mtu amechepusha waya. Haupiti kwenye fyuzi."

Nikafungua dashibodi upande wa abiria. Harufu ikanipiga kabla sijaona kitu... nywele zilizoungua. Nikamulika. Nyuma ya redio ulitoka uzi wa kijivu, umefungwa kwa tepu nyeusi, ukateremka chini ya zulia mpaka kwenye kiti cha abiria. Nilidhani ni waya ulioparara. Nikabandua tepu.

Zilikuwa nywele. Mvi, zimesukwa kamba nyembamba.

Nikazigusa. Zilikuwa na joto. Na zilikuwa zinapiga, polepole, kama mshipa wa shingo.

Nikaachia haraka. Nikafungua teminali zote mbili za betri, nikaibeba, nikaiweka chini kwenye vumbi, mbali na gari. Sasa gari halikuwa na umeme wa aina yoyote. Hilo nina hakika nalo. Nikanyoosha mgongo, nikageuka.

Taa ya ndani ya gari ikawaka.

Mama alikuwa amekaa kiti cha abiria. Sikusikia mlango. Alikuwa amevaa sweta la kaka, na ndani ya sweta lile alikuwa amebaki mifupa mitupu. Wiki tatu tu nilikuwa sijamwona.

"Kila jioni anakuja kukaa humu," shemeji akaninong'oneza. "Nikimzuia analia mpaka anazimia."

Nikainama dirishani. "Mama, shuka twende ndani."

"Ongea taratibu," akasema. "Ndugu yako yupo."

Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Lakini sponji yake ilikuwa imebonyea... kama kuna mtu ameikalia.

"Nani alifunga hizi nywele, mama?"

Hakunificha. "Mtu mmoja alikuja mlangoni wiki ile tuliyozika. Simjui. Alisema nikimpa nywele zangu, mwanangu atakaa, ila humo ndani moto usizimike. Betri zinaisha mapema. Zikiisha, anatumia wangu. Hata siumwi. Nachoka kidogo tu."

Nikatoa koleo mfukoni.

Redio ikakwaruza. Fyuzi yake ilikuwa kwenye kiganja cha shemeji.

"Fundi," ikasema. "Acha."

Sauti ya kaka. Kabisa. Mpaka ule ukavu wa koo wa siku zake za mwisho. Lakini kaka hakuniita fundi hata siku moja. Aliniita Mdogo, tangu utotoni tulipokuwa tunalala kitanda kimoja, mpaka asubuhi aliyokata roho.

"Umeniita nani?" nikauliza.

Redio ikakwaruza tena.

"Fundi," ikarudia, taratibu, kama mtu anayebahatisha.

"Mama, huyo siyo kaka."

Mama hakugeuka. Aliendelea kutazama kioo cha mbele.

"Najua," akasema. "Nilijua wiki ya pili. Lakini sauti ni yake, mwanangu."

Nikakata.

Nilikata unywele mmoja tu wa ile kamba. Taa ikafifia, na mama akafifia nayo. Pumzi ikamtoka kwa mluzi. Damu ikachuruzika puani, macho yakapinduka yakabaki meupe. Shemeji alimdaka kichwa, akawa anarudia jina langu bila kukoma. Nikajaribu kumvuta mama nje; mguu wake ulipogusa ardhi, moyo wake ukasimama chini ya kiganja changu.

Nikamrudisha kitini.

Kisha nikafanya kazi ninayoijua. Nikashika ncha mbili za unywele wa mama yangu, nikazisokota pamoja, nikazifunga tepu. Nikabana vizuri, usije ukaachia. Taa ikarudi. Mama akavuta pumzi.

"Ahsante," redio ikasema.

Ni wiki ya tano sasa. Yule mtu wa mlangoni tumemtafuta. Hakuna jirani aliyemwona akiingia wala akitoka. Tumeleta watu wa dua na watu wa dawa. Wote walifika kwenye banda, wakatazama, wakaaga. Kilichobaki ni mimi kuleta betri za lori, mbili kila jioni, ili kinachokula kianze na hizo kabla hakijamfikia mama. Asubuhi nazikuta zimekufa.

Leo nimezifunga mapema. Mama alinitabasamia kupitia dirisha. Nilikuwa nakaza teminali ya mwisho redio ilipokwaruza, na aliyekaa karibu naye akaniuliza, kwa sauti ya kaka, watoto wangu wanaendeleaje.

Mama akanitazama, akisubiri nijibu kwa adabu.

Nikasema hawajambo.