Maji Yasipite Pua

Soko la samaki lilifurika watu. Daktari wa wanyama wa baharini, gauni lake la kijani amelipandisha kukwepa tope, alinyoosha mkono kwenye fungu la mwisho la ngisi, akakuta mkono wa fundi bomba mmoja umeshafika.

"Dada, niachie. Nina njaa."

"Mgonjwa wangu ana njaa zaidi. Ni kasa, katupwa ufukweni na mawimbi."

Fundi bomba akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Nimeshindwa na kasa! Basi nipe namba, niwe namjulia hali."

Akawa anapiga kila siku. "Mpinzani wangu hajambo?"

"Hajambo. Anakuonea wivu."

Mapenzi yakakolea. Bomba la kituo alikotibiwa kasa lilipoharibika, daktari hakumwita fundi mwingine.

Fundi alipomaliza kazi alimwona kasa amelazwa juu ya taulo mbichi, ndani ya tangi lisilo na maji. Roho ikamuuma. Akafungua bomba, akalijaza tangi hadi ukingoni.

Daktari alirudi na dawa, akamkuta kasa chini kabisa, hatikisiki.

"Umemzamisha!"

"Mpenzi, kasa azame? Si wa baharini huyu?"

"Anavuta hewa kama wewe! Hana nguvu ya kuinua kichwa. Toka, nisikuone!"

Alimwopoa, akamwinamisha kichwa, maji yakamtoka puani. Pumzi ikarudi, nyembamba kama uzi. Daktari akapiga magoti kwenye sakafu iliyolowa. Ee Mungu, usimchukue. Kabla ya amina akajikuta anamwombea na yule aliyemfukuza. Simu iliita, ikaita. Hakupokea, aliogopa fundi asije akauliza kama kasa atapona.

Kasa alipoanza kula, ilibidi arudishiwe maji, kidogo kidogo. Daktari aliogopa hata kuligusa lile bomba. Akapiga simu mwenyewe.

"Yuko hai?" Sauti ya fundi ilikuwa imekauka.

"Yuko hai. Njoo."

Alikuja na shati lililopigwa pasi, bomba begani. Akalitoboa tangi ubavuni, akaunganisha. "Maji yakifika hapa yanatoka yenyewe. Hayapiti pua yake, hata mjinga akifungua."

"Mjinga gani?"

"Huyu anayetaka kukuoa."

Daktari akamwashiria afungue maji. Maji yalipanda, yakamgusa kasa kidevuni, yakaishia hapo. Kasa akatumbukiza kichwa, akatulia. Akazidi kutulia. Kucha za daktari zikaingia kwenye mkono wa fundi.

Kichwa kikainuka. Phuu!

"Na mimi je?" fundi akanong'ona. "Nimebana pumzi tangu niliposema nataka kukuoa."

"Pumua, mume wangu."