Bofulo, Mbwa wa Romani

Kila siku alfajiri, kabla kengele ya misheni haijalia, Tekla alibeba debe lake na kwenda bombani. Upande wao wa Kinondoni ulikuwa na bomba moja tu mwaka ule wa 1953, na foleni yake ilianza kabla jua halijachomoza. Mbele ya Tekla alitangulia Bofulo, mkia juu, kama mwenyeji anayewaonyesha wageni njia. Alimsalimu kila mtu kwa pua. Jirani yao, bibi wa rafiki yake Hamisa, mwanamke mcha Mungu ambaye hakutaka mate ya mbwa yaguse ndoo yake ya kutawadhia, alimfukuza kwa fagio huku akicheka.

"Nenda zako, Bofulo! Mie na wewe tusalimiane kwa mbali."

Tekla alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake, Marselino, alitoka Masasi zamani na sasa alikuwa karani wa bohari mjini. Mama yake, Eufrazia, alilima mihogo huko Mwananyamala. Tekla alikuwa na wadogo wawili: Romani wa miaka mitano, na Sesilia ambaye bado alibebwa mgongoni. Bofulo alikuwa mbwa wa Romani, lakini kazi ya kumlisha ilikuwa ya Tekla.

Kumpata Bofulo kulikuwa shughuli. Baba alikuwa na rafiki wa kanisani, Mzee Revelian, mpishi wa Mzungu mmoja wa Oyster Bay. Jike la huko, mbwa wa masikio marefu, lilizaa watoto wanne, na Mzungu akasema wagawiwe watu wema. Baba akaenda Jumapili moja pamoja na Tekla na Romani.

"Nataka mbwa wa kulinda nyumba na wa kucheza na watoto," baba alisema.

Mzee Revelian akacheka. "Marselino, wewe unatafuta mpishi ambaye pia ni fundi cherehani. Shika moja. Nyumbani kwako kuna watoto wadogo, basi tuanze na watoto."

Tekla alimtaka yule mweusi, mnene, aliyewasukuma wenzake kwenye bakuli. Lakini mzee hakuwa na haraka. Alimketisha Romani chini katikati ya vile vitoto, kisha akaangusha mfuniko wa sufuria kwenye sakafu. Wawili walikimbilia uvunguni. Yule mweusi alimngurumia Romani aliponyosha mkono karibu na bakuli. Wa nne, mwenye rangi ya mkate uliookwa vizuri, alishtuka, akaurudia mfuniko na kuunusa, halafu akapanda mapajani mwa Romani na kuanza kutafuna kifungo cha shati lake. Mzee akamlaza chali na kumkuna tumbo, naye akatulia tu.

"Huyu," mzee alisema. "Mbwa wa watoto ni yule anayeweza kuvutwa sikio asikasirike. Ila mwangalieni. Mbwa wa namna hii moyo wake ni laini. Akiteswa, huharibika upesi."

Romani hakusikia lolote kati ya hayo. Alikuwa tayari ameshampa jina. "Bofulo!" alisema, maana bofulo ni mkate, na rangi ilikuwa ileile.

Mwaka mzima watu wa nyumba ile walimfurahia Bofulo. Romani alimvisha kofia, akamfanya farasi, akalala juu yake kama juu ya mto. Kisha ikaja habari ya kanga.

Jioni moja mama alimwambia Tekla aanue nguo. Tekla alikuwa akiruka kamba na Hamisa, akasema, "Naja, mama," naye hakuja. Giza lilipoanza kuingia, mtu alipita uani na kuondoka na doti ya kanga ambayo mama aliletewa na marehemu mama yake. Bibi yake Hamisa alimwona mwizi akienda zake taratibu, kifurushi kwapani, na Bofulo akimsindikiza hadi barabarani huku akitikisa mkia.

Mtaa mzima ulicheka. Shuleni, Gaspar, mvulana wa darasa lao ambaye mbwa wao aliogopwa hata na tarishi wa posta, hakumwacha Tekla apumue.

"Mbwa wenu anampokea mwizi mizigo!" alisema. "Bado kumkaribisha chai tu."

Mama hakucheka. Alikaa kizingitini akilia kimyakimya, maana kanga zile ndizo zilizobaki za mama yake. Tekla alijua kosa ni la nani. Watu wote walimlaumu mbwa, na yeye akaona ni nafuu wamlaumu mbwa. Lakini moyo ulimuuma, akataka kurekebisha mambo kwa njia yake.

"Mbwa wenu mmempa nini hata akawa mkali?" alimwuliza Gaspar.

Gaspar akajivuna. "Mbwa hafundwi kwa mkate. Mtilie pilipili kwenye ugali. Mchana mfungie gizani asizoee watu, na ukipita piga ukuta kwa fimbo. Mwezi mmoja tu, utaona."

Nyuma ya jiko lao kulikuwa na banda la kuku lililokuwa tupu tangu ugonjwa wa mdondo ulipowamaliza kuku wote. Kila asubuhi mama alipokwishaondoka na wadogo kwenda shamba, na baba kupanda baiskeli yake kwenda kazini, Tekla alimwita Bofulo, akamsukuma ndani na kufunga kijimlango kwa waya. Mwanzo Bofulo alidhani ni mchezo. Alitoa pua kwenye ufa na kusubiri. Tekla alipotoka shuleni alipiga mabati kwa fimbo kabla ya kumfungulia, na chakula chake kilikuwa chekundu kwa pilipili. Bofulo alikula kwa sababu ya njaa, kisha akapangusa mdomo wake mchangani, mate yakichuruzika na macho yakitoka machozi. Mara ya kwanza Tekla naye alilia. Mara ya tano hakulia tena.

Wiki ya tatu Bofulo aliacha kwenda bombani. Akisikia hatua alikimbilia kona yenye giza na kunguruma. "Huyu mbwa ana nini?" mama aliuliza. "Labda amekula kitu huko jalalani," Tekla akajibu.

Jumamosi iliyofuata mama alikuwa nyumbani akifua. Tekla alikuwa amemfungia Bofulo asubuhi kwa mazoea, akaenda dukani kununua sabuni. Romani alisikia mlio wa kulalamika nyuma ya jiko. Alikuwa na kipande cha mkate mkononi. Akaufungua waya kwa vidole vyake vidogo, akajikunja, akaingiza mkono na uso pamoja ndani ya lile giza.

Tekla alisikia mayowe akiwa njiani. Alipofika, Romani alikuwa mikononi mwa mama, damu zikimtoka shavuni na kiganjani. Bofulo alikuwa amejibanza ndani ya banda, anatetemeka, mate yanamtoka.

Baba alimkimbiza mtoto hospitali kwa baiskeli. Walipochelewa kurudi, watu walijaa uani, na neno moja likapita mdomo hadi mdomo: kichaa cha mbwa. Alasiri baba alimwacha Romani kwa daktari, akarudi na bwana mifugo wa wilaya, Bwana Adelard, mtu mpole mwenye kaptura ya kaki, na nyuma yao gari la idara.

Bwana Adelard aliinama akamtazama Bofulo kwa muda. "Nani anayemlisha?"

"Mimi," Tekla alisema. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza vizuri. Ninaona anatoka mate na anajificha gizani. Hizo ni dalili mbaya. Lakini mbwa huweza kuwa hivyo kwa sababu nyingine. Kuna mtu aliyemfungia? Aliyempiga? Aliyemlisha kitu? Kama ipo sababu, nitamfunga kwangu siku kumi nimtazame. Kama hakuna sababu, siwezi kumwacha aishi."

Baba alikuwa anamtazama Tekla, na shati lake lilikuwa na damu ya Romani. Mama alikuwa anamtazama. Gaspar alikuwepo pia, akichungulia juu ya ua, na upesi akainamisha kichwa.

"Hapana," Tekla alisema. "Ameanza mwenyewe tu."

Bwana Adelard akashusha pumzi. Watumishi wake wawili walijaribu kumtoa Bofulo kwa kamba yenye kitanzi, naye akabweka na kuruka ukutani. Wakashindwa. Bwana Adelard akavua glavu zake nene za ngozi na kumvisha Tekla.

"Huenda akakufuata wewe," alisema. "Usimguse mdomo. Mwite tu."

Tekla alimwita. Sauti yake ilitoka kwa shida, lakini Bofulo aliijua. Alitambaa kwa tumbo hadi mlangoni, akaliona jua, akaona ni Tekla, na mkia wake ukaanza kutikisika, polepole, kama anayeomba msamaha. Alivishwa kitanzi. Akamfuata Tekla uani, akapita katikati ya watu, hadi kwenye gari. Kabla hawajampandisha aliulamba mkono ule wenye glavu.

Neno lilikuwa mdomoni mwa Tekla. Lilikuwa dogo, na bado ulikuwapo wakati wa kulisema. Mlango wa gari ukafungwa, nalo likabaki mdomoni.

Siku ileile Bofulo aliuawa, na kichwa chake kikapelekwa bara kwa treni kupimwa.

Romani alianza sindano. Zilitakiwa kuwa sindano kumi na nne za kumkinga na kichaa, moja kila siku, tumboni, na sindano za siku hizo hazikuwa nyembamba. Kwa kuwa baba alikuwa kazini na mama ana Sesilia, Tekla alitoka shule mapema kumpeleka mdogo wake. Siku ya kwanza Romani hakujua. Siku ya pili alijua, akashika mguu wa meza. Siku ya nne walihitajika watu wawili kumshika, na mmoja wao alikuwa Tekla.

Wakirudi siku ile, Romani alikuwa mgongoni kwa dada yake, plasta shavuni, amechoka kulia.

"Dada."

"Naam."

"Bofulo alinichukia kwa nini? Mie nilimpelekea mkate."

Tekla alisimama katikati ya njia. Akamshusha mtoto, akakaa chini mavumbini na kulia kwa sauti, hata wapita njia wakageuka.

"Hakukuchukia," alisema. "Hakukuchukia, Romani. Ni mimi."

Jioni alimngoja baba mlangoni, akamweleza yote mbele ya mama: kanga, pilipili, banda, fimbo, na lile "hapana". Hakubakiza kitu. Mama aliweka mikono kichwani. Tekla alitamani achapwe. Baba hakumchapa. Alisema tu, "Kesho asubuhi utamweleza Bwana Adelard kwa mdomo wako."

Bwana Adelard alimsikiliza hadi mwisho. Alifungua kitabu chake akaandika, akakifunga.

"Ungeniambia Jumamosi," alisema, "ningemfunga, nikampa maji na chakula safi, tukamtazama siku kumi. Sasa hayupo wa kutazamwa. Sindano za mdogo wako lazima ziendelee hadi jibu litoke bara. Siwezi kubahatisha na roho ya mtoto."

Zikaendelea. Ya sita, ya saba, ya nane. Tekla alimshika mdogo wake kila siku, maana alijua mkono wake ulikuwa ndani ya kila sindano. Siku ya tisa, Bwana Adelard aliwakuta hospitali na simu ya maandishi mkononi. Aliwasomea: mbwa yule hakuwa na kichaa.

"Basi, Romani," daktari alisema. "Zimekwisha. Nenda ukacheze."

Romani aliruka kwa furaha. Tekla alishukuru Mungu kwa moyo wote, na papo hapo moyo uleule ulikatika. Maana jibu lile lilimwambia jambo la pili: Bofulo hakuwa na ugonjwa wowote.

Jumapili Mzee Revelian alikuja baada ya misa. Tekla alimwamkia, kisha akamweleza yeye pia, bila kuambiwa na mtu. Mzee alikwenda nyuma ya jiko, akalitazama banda, akaushika ule waya.

"Siku ile nilijisifu," alisema taratibu. "Nilijua kuchagua mbwa wa kufaa watoto. Sikukumbuka kumchagulia mbwa watoto wa kumfaa."

Tekla akainama. Hakuna lililomchoma kama maneno yale.

Baba akamshika bega. "Mwanangu, kusahau kanga kulikuwa kosa dogo. Mama yako angekasirika, angelia, kisha angekusamehe. Ukalificha. Ili kulifunika ukamtesa asiye na mdomo wa kujitetea, na ulipoulizwa, ukaficha na hilo. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Umesema kweli mwishoni, nami nimekusamehe, na kweli hiyo ilikuondolea mzigo. Lakini kweli ina saa yake. Ikija imechelewa, huwaponya waliobaki tu."

Mama alimvuta Tekla, akamfunga kanga yake mabegani.

Tekla aliomba panga, akalibomoa banda lile peke yake, ubao mmoja mmoja, mpaka jua likaingia kila mahali. Romani alikuja na kusimama kando yake.

"Mzee anasema jike litazaa tena," Romani alisema. "Tutachagua mwingine lini?"

Tekla alitazama mahali palipokuwa na ile kona yenye giza. Chini palikuwa na alama za makucha mchangani, na kipande cha mkate kilichokauka, kile Romani alichokibeba siku ile. Hakikuwa kimeguswa.

"Bado," alisema. "Ngoja kwanza mie nifae."